Kidato cha Sita Nyumbani: Tujiandikishe au Tuache?

Jambo hili lilianza kwenye benchi la nje ya kanisa hapa Morogoro, Jumatano moja ya mwezi wa Julai mwaka 2018, baada ya ibada ya akina mama. Mwenzetu mmoja ambaye ni mshonaji alifungua mkoba wake akatoa bahasha ya kaki. Ndani yake kulikuwa na cheti chake cha kidato cha nne cha mwaka 2004: C ya Historia, C ya Kiswahili, C ya Geografia, na masomo mengine yaliyopita kwa kuchechemea. Alikuwa amechaguliwa kwenda kidato cha tano. Kabla shule hazijafunguliwa akaonekana kuwa ni mjamzito, na kwa taratibu za wakati ule habari ikaishia hapo.

"Nataka kufanya kidato cha sita," alituambia, "ila kwa kujisomea nyumbani. Niambieni wenzangu kama bado nina akili timamu."

Tulicheka, kisha tukanyamaza, maana kila mmoja wetu alikuwa na bahasha ya namna hiyo nyumbani. Tulikuwa wanne. Wa pili ni mwalimu wa shule ya msingi mwenye cheti cha ualimu. Wa tatu ni muuguzi mwenye stashahada, ambaye ndiye anayeshika kalamu hii kwa niaba ya wenzake. Wa nne, mdogo wetu, wakati ule alikuwa na miaka 19 na mtoto wa miaka mitatu. Yeye aliacha shule akiwa kidato cha pili, kabla ya mtihani. Jioni ile kila mmoja alikiri kwamba amewahi kuwaza kidato cha sita usiku, watoto wakiwa wamelala.

Kwa watu wa umri wetu kidato cha sita kina uzito wake. Mtu akisema "yule amefika fomu siksi," watu humwangalia mara mbili. Kwa hiyo ni rahisi mama kuamua kwa ajili ya heshima tu. Tuliazimia kuchunguza kwanza, na yale tuliyoyapata, matamu na machungu, ndiyo tunayowaletea.

MLANGO UPI UNATAKA KUUFUNGUA?

Tuanze na kosa la muuguzi, kwa kuwa ni letu wenyewe. Miaka michache kabla ya hapo alikuwa ameulizia habari za shahada katika ofisi moja, akajibiwa na mtu aliyekuwa na haraka kwamba bila kidato cha sita asijisumbue. Akachukua fedha za likizo, akanunua vitabu vya Fizikia, Kemia na Baiolojia, akaanza kujisomea baada ya zamu za usiku. Baiolojia ilikwenda. Fizikia ilikwenda kwa machozi. Kemia ilikwama alipofika kwenye mazoezi ya maabara, kwa sababu kupima tindikali kwa bureti huwezi kukusomea kitandani. Masomo ya sayansi yana mtihani wa vitendo, na mama asiye na maabara ya kuingilia angalau mara kadhaa anajitafutia huzuni. Hilo tunalisema bila kulipaka asali.

Baadaye ndipo alipoambiwa na mwenzake kazini kwamba Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania inazo njia mbili kuu za kuingilia shahada. Ya kwanza ni kidato cha sita. Ya pili ni stashahada yenye wastani wa alama, yaani GPA, usiopungua 3.0, pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne. Na kila kozi huongeza masharti yake juu ya hayo. Kumbe mlango ulikuwa wazi upande wa pili, naye anahangaika na dirisha. Vitabu vile vya Kemia vipo hadi leo juu ya kabati, na watoto huvitumia kukandamizia nguo zisizopigwa pasi.

Hivyo swali la kwanza ni: cheti hiki nitakipeleka wapi? Mama anayetaka kuwa muuguzi, fundi wa maabara, afisa maendeleo ya jamii au mhasibu mdogo, mara nyingi hahitaji kidato cha sita. Anahitaji chuo cha cheti, na huko huingia kwa matokeo ya kidato cha nne. Kiwango cha chini ni ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini. (Hapo wengine wetu tuliguna, maana alama nzuri kuliko zote kwenye vyeti vyetu zilikuwa za Maarifa ya Biblia.) Kozi za afya hudai zaidi, hasa Kemia na Baiolojia. Kutoka cheti unapanda stashahada, na kutoka stashahada unaweza kuingia shahada. Njia hii ni ndefu, lakini kila kituo chake kina kazi unayoweza kuifanya ukapata kipato. Kidato cha sita peke yake hakikupi ujuzi wa kazi. Ni daraja, na ukiishia katikati yake utakuwa umesimama juu ya maji.

Basi kinamfaa nani? Kinamfaa yule anayetaka chuo kikuu, aliye na matokeo mazuri ya kidato cha nne, na asiyeweza kuacha nyumba yake akae chuoni kila siku kwa miaka miwili au mitatu. Mshonaji wetu alikuwa hivyo hasa. Chuo cha cheti kilikuwepo, lakini kilimtaka darasani asubuhi hadi alasiri, na saa hizo ndizo mashine yake inapolisha watoto. Alitaka kusomea ustawi wa jamii. Kujisomea alfajiri kulikuwa ndiyo nafasi pekee aliyoiona.

BAHASHA INASEMAJE?

Mwalimu ndiye aliyeumia katika hatua ya pili. Ili kuandikishwa mtihani wa kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea, Baraza la Mitihani la Tanzania linataka uwe na krediti, yaani A, B au C, katika masomo yasiyopungua matatu ya kidato cha nne. Mwalimu alikuwa nazo mbili. Amefundisha darasa la sita kwa miaka kumi na moja, wazazi wanamheshimu, na hapo anaambiwa aanze kurudia somo pamoja na vijana wa rika la wanafunzi wake wa zamani. Alikaa wiki mbili bila kuja Jumatano.

Aliporudi alikuwa ameamua. Akajiandikisha kurudia Uraia na Jiografia, akafanya mtihani Novemba 2019, na matokeo yalipotoka alikuwa na C ya tatu. Mnajua alifanya nini nayo? Hakwenda kidato cha sita. Aliomba stashahada ya ualimu, akapata. Alisema kurudia yale masomo mawili kulimfundisha uwezo wake wa kukesha unafika wapi, na masomo matatu ya juu kwa miaka miwili yangemmaliza. Sisi tunaona huo ni uamuzi wa mtu mzima, ingawa wapo waliomnong'onea kwamba ameogopa.

Mdogo wetu naye alijifunza kwamba kwake kidato cha sita bado kilikuwa ng'ambo. Kwa kuwa hakufanya mtihani wa kidato cha pili, ilimpasa kwanza afaulu Mtihani wa Maarifa, ambao wengi wanauita Kyuti, ndipo aruhusiwe kufanya kidato cha nne. Mwaka ule wa 2018 binti aliyezaa hakuwa na njia ya kurudi kwenye shule ya serikali. Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021, uliotangazwa Novemba ya mwaka huo, ndio uliofungua mlango kwa walioacha shule, wakiwemo waliopata ujauzito. Mama mwenye binti aliye katika hali hiyo leo asikimbilie kumwandikisha mtihani wa nje kabla ya kwenda kuuliza shuleni.

SAA ZA NANI?

Sasa tufike kwenye jambo lililotutoa machozi.

Tulikaa na kalamu tukapiga hesabu. Mama akipata saa mbili kila siku kwa siku tano, ana saa kumi kwa juma. Toa majuma ya misiba, harusi, kuuguza na sikukuu, mwaka ubaki na majuma 40. Hizo ni saa 400 kwa mwaka, 800 kwa miaka miwili. Mshonaji alikuwa na Historia, Jiografia na Kiswahili, pamoja na General Studies ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ya lazima kwa kila mtahiniwa. Kila somo likapata saa 200. Mwanafunzi wa bweni anayesoma saa nane kwa siku hupata saa 800 katika miezi mitano hivi. Tena mwanafunzi huyo ana alama za maendeleo alizojikusanyia darasani. Wewe unasimama na karatasi ya mwisho peke yake.

Tunaposema "akipata saa mbili," dada yangu, saa hizo hazitoki mbinguni. Zinatoka kwenye usingizi wako, au kwenye chakula cha jioni, au kwenye mazungumzo na mumeo, au kwenye kazi inayoleta fedha. Yupo mtu atakayezilipa. Mwanamke wa Mithali 31 tunamsifu kila Siku ya Akina Mama kwamba taa yake haizimiki usiku (aya ya 18), lakini wahubiri wengi huruka aya ya 15, inayoonyesha kuwa alikuwa na wajakazi. Sisi tuna wajakazi gani?

Mume wa mshonaji ni fundi ujenzi, mtu mpole. Alipoambiwa alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Mama watoto, sikukatazi. Lakini jioni nani atapika?" Lilikuwa swali la haki. Wapo akina mama tunaowafahamu ambao hulikwepa swali hilo kwa kujiandikisha kwa siri, ada ikatoka kwenye kikoba bila baba kujua, na siku siri inapofichuka nyumba inagombana kwa ajili ya uongo wala si kwa ajili ya masomo. Tunawasihi msiende njia hiyo.

Walikubaliana kwamba kijana wao mkubwa, aliyekuwa na miaka 13, atasonga ugali siku tatu kwa juma. Mama mkwe aliposikia aliuliza mbele za watu, "Mtoto wa kiume asonge ugali na mama yake yupo hai?" Mshonaji alijibu kwa unyenyekevu, "Mama, anasonga vizuri kuliko mimi." Basi bibi akaanza kuja mwenyewe kuusimamia huo ugali, na hilo likawa msaada ambao hakuna aliyeuomba.

Mwanzoni alisoma usiku kuanzia saa nne. Ndani ya majuma matatu aliona kwamba anageuza kurasa tu, kichwa kimelala. Akahamia alfajiri, saa kumi hadi saa kumi na mbili. Desemba na Januari hakusoma kabisa, kwa kuwa ni msimu wa sare za shule na ndiyo mavuno ya mshonaji. Hilo hatukulihesabu kwenye zile saa 800.

Mwezi wa Februari 2019 mtoto wake wa mwisho, mwenye miaka minne, alipata homa. Siku ya kwanza alimpa dawa ya kutuliza. Siku ya pili kulikuwa na jaribio alilopangiwa na mwalimu wa masomo ya ziada, akamwacha mtoto kwa dada yake mkubwa wa miaka tisa. Usiku wa kuamkia siku ya tatu mtoto alipata degedege. Muuguzi alipigiwa simu saa nane za usiku, akawakuta njiani. Kipimo kilionyesha malaria kali. Mtoto alilazwa siku nne, na tunamshukuru Mungu alipona bila kasoro.

Mume hakupiga kelele. Alikusanya vitabu vyote akavitia kwenye kiroba cha saruji, akafunga mdomo kwa waya, akakitupia darini.

Jumatano iliyofuata tuligawanyika. Mwalimu alisema mume amefanya sawa. Mdogo wetu alisema mama anayeuza sokoni naye humwacha mtoto mwenye homa, mbona bidhaa zake hazifungiwi darini? Muuguzi, aliyewaona akina mama wengi wakija wamechelewa na watoto wenye homa, alijua kwamba kuchelewa kunawapata wasomi, wakulima, na wauguzi wenyewe. Lakini pia alijua kuwa kichwa chenye usingizi wa saa nne kwa siku hakipimi hatari sawasawa. Mshonaji mwenyewe hakujitetea. Alisema tu, "Nilijua ana homa. Nikajiambia baada ya jaribio." Hakusoma kwa majuma sita.

Hapa tunaomba tuseme neno la kiuguzi. Kama una mtoto chini ya mwaka mmoja, au una mimba, au presha yako imewahi kupanda, ahirisha. Mtihani hufanyika kila mwaka. Kama watoto wamekua kidogo, weka saa sita za usingizi kuwa sheria, hata zikigawanyika mara mbili. Na homa ya mtoto wa chini ya miaka mitano haisubiri kesho; apimwe siku hiyo hiyo, jaribio liende zake.

Katika juma la saba mume alipanda darini mwenyewe. Alikikata kile kiroba kwa kisu, akavifuta vitabu vumbi, akaviweka juu ya mashine. Masharti yake yalikuwa haya: Jumatano jioni na Jumamosi mchana yeye atashinda na watoto, hata kama kuna kazi. Siku nyingine hataki kusikia habari za Historia. Mshonaji anasema aliwahi kupendwa kwa maneno mengi siku za uchumba, lakini hakuna lililomfikia moyoni kama sharti lile.

FEDHA NA WALIMU

Hili tulipitie haraka kwa kuwa ni kovu. Miezi ya kwanza alilipa kituo kimoja cha masomo ya jioni, ada ya miezi mitatu kwa mkupuo. Mwalimu wa Jiografia alionekana mara mbili. Fedha hazikurudi. Baada ya hapo alimtafuta mwalimu wa shule ya sekondari na kumlipa kila kipindi baada ya kufundishwa, na alikuwa anajua cha kumwuliza kabla hajafika. Msomaji aelewe pia kuwa kituo cha kufundishia na kituo cha mtihani ni vitu viwili. Kituo cha mtihani ndicho kinachokuandikisha kwa Baraza, na namba za vituo vya watahiniwa wa kujitegemea huanza na herufi P. Uandikishaji hufanyika mwaka unaotangulia mtihani, kwa hiyo anayetaka kufanya mtihani wa Mei asingoje Krismasi ipite.

Kilichomfaa kuliko notsi za kununua ni mitihani iliyopita, pamoja na taarifa za Baraza zinazochambua jinsi watahiniwa walivyojibu kila swali, wapi walikosea na kwa nini. Taarifa hizo zipo kwenye tovuti ya Baraza bila malipo. Mdogo wetu alimsaidia kuzipakua kwenye simu, wakachapisha chache. Siku hizi Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada, nayo ni msaada mkubwa kwa asiye na duka la vitabu karibu. Ila angalieni: mtaala mpya ulianza kutekelezwa mwaka 2024, na michepuo, ambayo sasa inaitwa tahasusi, imeongezwa. Usinunue rundo la vitabu vilivyotumika, hata vikiwa bei ya karanga, kabla ya kuhakikisha mtihani wa mwaka wako utatungwa kwa muhtasari upi.

Kiswahili kilikuwa furaha yetu sote. Alipokuwa akisoma tamthilia ya Nguzo Mama ya Penina Muhando, alitusimulia Jumatano tukiwa tunachambua mchele wa harusi: wanawake wa kijiji wanajaribu kuisimamisha nguzo, na kila mara kuna linalowatenganisha. Mama mmoja mzee, asiyewahi kuingia darasani, akauliza, "Huyo aliyeandika alitujulia wapi?" Tulibishana juu ya nguzo ile hadi mchele ukachanganyika na mawe upya.

MTIHANI

Alijiandikisha mwaka 2019 ili afanye mtihani Mei 2020. Machi 17 mwaka ule shule zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Watoto wote watatu wakawa nyumbani kutwa, oda za kushona zikakauka, mume akakosa kazi kwenye majengo, na hakuna aliyejua mtihani utakuwa lini. Akashona barakoa. Kuna siku alisema anataka kuviuza vitabu apate fedha ya unga. Tulimchangia unga, na hatukumwambia lolote juu ya vitabu.

Mtihani ulianza Juni 29. Kila asubuhi mmoja wetu alipita nyumbani kwake kuwachukua watoto. Siku ya karatasi ya kwanza ya Jiografia alitoka akiwa amekunja uso, akasema ramani imemshinda; upimaji na usomaji wa ramani ni mambo ambayo mtu anatakiwa aonyeshwe kwa mkono, na yeye alikuwa ameyasoma kwa macho.

Matokeo yalitoka mwezi wa Agosti. Kiswahili C, Historia D, Jiografia S. Kwa hesabu ya madaraja hiyo ni pointi 13, daraja la tatu. Alilia kwa ajili ya ile S, tukamwacha alie. Kisha muuguzi akachukua karatasi. Kwa kuingia chuo kikuu Tume inataka prinsipo mbili zenye jumla ya pointi zisizopungua 4.0, na kwa hesabu yao C ni 3 na D ni 2. Alikuwa na 5. Zilimtosha, ingawa hazikumpeleka kila alikotaka. Kozi aliyoiota haikumchukua mwaka ule. Aliingia Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambacho kina vituo mikoani, akachukua kozi iliyo jirani nayo. Tunapoandika haya bado anasoma, mitihani michache kila mwaka, na mashine yake inaendelea kuimba.

Tumemwuliza kama angerudi nyuma angeamua vile vile. Alifikiri. Alisema angengoja mwaka mmoja zaidi, hadi yule wa mwisho aanze shule. Alisema pia kwamba angelipa mwalimu wa ramani kwanza kabla ya masomo mengine yote. Halafu akasema kuna kitu hatukukihesabu siku ile kwenye benchi: kijana wake mkubwa, yule wa ugali, alifikia kidato cha tano, na jioni walikuwa wakisoma meza moja, wakigombea taa.

Bwana Yesu aliwauliza wasikilizaji wake ni nani atakaye kujenga mnara asiketi kwanza akahesabu gharama (Luka 14:28). Tumelisikia neno hilo likitumiwa kuwakatisha tamaa akina mama. Sisi tunalisoma kama ruhusa ya kuketi. Keti na bahasha yako, na mumeo, na mtu mmoja anayejua taratibu, na kalenda yenye msimu wako wa kazi. Mwalimu aliketi akaacha, mshonaji aliketi akaenda, na muuguzi hakuketi ndiyo sababu ana Kemia juu ya kabati.

Mdogo wetu alifaulu Mtihani wa Maarifa, kisha akafanya kidato cha nne, na safari hii bahasha ni yake: ana C nne. Anataka kusomea sheria. Mtoto wake sasa anajipikia chai mwenyewe. Ameshamwona mkuu wa kituo cha mtihani, ameuliza muhtasari, na anaanza kusoma saa kumi za alfajiri. Tunakutana naye kila Jumatano baada ya ibada, kwenye benchi lile lile, na mshonaji humletea ile ramani iliyomshinda wakaipime pamoja.